Glavu za fundi gereji: zipi ununue kwanza ukiwa Kigoma

Mtu akiniuliza anunue glavu gani za kazi, namrudishia swali: mikono yako inashika nini kutwa nzima? Fundi wa bodaboda pale Mwanga anashika oili na mnyororo. Wa mashine za boti kule Kibirizi anashika petroli, grisi na maji ya ziwa kwa pamoja. Wa malori anabeba springi zenye kingo kali. Hakuna glavu moja inayowatosha wote watatu, lakini ipo ya kuanza nayo.

Ya kwanza: glavu za kufuma zilizochovywa nitrili. Ni zile zenye kitambaa mgongoni na mpira kwenye kiganja na vidole. Nitrili ni mpira wa kiwandani. Haulegei upesi kwenye oili, grisi au petroli kama ulegeavyo mpira wa asili. Mgongo wa kitambaa unapitisha hewa, na kwa joto letu la mwezi wa tisa hilo ni jambo kubwa, maana mkono ukilowa jasho fundi anaivua glavu na haivai tena siku hiyo. Chukua zenye kiganja kinachokwaruza kidogo kama msasa laini. Zile laini zinazong'aa huteleza spana ikishapata oili.

Usilipe kabla ya kuzijaribu. Omba nati ya spana namba 10, iweke juu ya meza, vaa glavu, iokote, kisha ianzishe kwenye bolti yake kwa vidole. Ukiweza, hiyo ni saizi yako. Ikikuponyoka mara mbili tatu, ncha za vidole zimezidi, na utakuwa unaivua glavu kila ukifika kwenye karbureta. Mimi niliwahi kuchukua saizi 10 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Nikiwa ufukweni nafungua plagi ya mashine ya boti, kitambaa kilichozidi kwenye kidole cha shahada kikakunjika chini ya mpini wa spana. Spana ikateleza, vifundo vikagonga chuma. Kovu ninalo mpaka leo. Kwa hiyo pima: zungushia kamba kiganja chini kidogo ya vifundo, dole gumba ukiliacha nje, kisha ilaze kamba kwenye rula. Sentimita 20 hivi ni saizi 8, 23 ni saizi 9, 25 ni saizi 10.

Zikiwa na picha ya nyundo ndani ya ngao na maandishi EN 388, yaani kiwango cha Ulaya cha kupima glavu za kazi, soma tarakimu nne zilizo chini yake: msuguano, kukatwa, kuchanika, kutobolewa, kwa mpangilio huo. Namba ikiwa kubwa, kinga ni kubwa zaidi. Herufi X maana yake kipimo hicho hakikufanywa.

Ya pili: nitrili nyembamba za boksi, za kuvaa na kutupa. Hizi ni za kumwaga oili na kubadilisha filta. Oili iliyokwisha kutumika imebeba masizi na kemikali za mwako, na baadhi ya kemikali hizo husababisha saratani ya ngozi. Naumia sana nikiona kijana ananawa oili chafu kwa petroli na kuendelea na kazi. Rangi ya glavu isikudanganye, iwe buluu au nyeusi. Tafuta neno nitrile kwenye boksi. Glavu za mpira wa asili zinazouzwa maduka ya dawa huvimba na kutoboka zikikutana na petroli. Unene uwe milimita 0.15 kwenda juu. Thina yenye asetoni hupenya hata nitrili, hivyo ikikumwagikia zibadilishe papo hapo.

Ya tatu: za ngozi. Kwa springi, mabati na kushika ekzosi ambayo bado ina moto kidogo, ni nzuri. Hunywa oili, basi zitunze kavu. Za kuchomelea ni nyingine, ndefu na nene.

Ya nne: mpira mzito unaopanda mpaka karibu na kiwiko, kwa ajili ya asidi ya betri. Jozi moja inatosha gereji nzima. Ijaze maji uone kama inavuja kabla ya kununua.

Ya mwisho: pamba nyeupe za vidoti. Bei yake inavutia na ndizo zimejaa kila duka. Lakini hufyonza dizeli kama utambi na kuibakiza kwenye ngozi kutwa nzima. Za kubebea maboksi, sawa. Za gereji, sizipendekezi hata kidogo.

Na glavu yoyote uliyonunua, ivue kabla hujasogelea kitu kinachozunguka: feni, mkanda, drili, au gurudumu la juu la mashine ya boti kava likiwa limetolewa. Ncha ya glavu ikinaswa, mkono mzima unafuata.

Ukinunulia gereji, wapime na vijana wanaojifunza kazi. Wengi wao ni saizi 7 au 8, na ukiwapa 10 ya fundi mkuu wataishia kuiweka mfukoni. Dukani zisipokuwepo, agiza saizi zao mapema, mzigo ujao uje nazo.