Entresto: dawa inayouacha moyo ujitetee

Misuli ya moyo ina njia yake yenyewe ya kupunguza maji mwilini. Damu ikijaa kupita kiasi na kuta za moyo zikavutika, seli za misuli hiyo humwaga homoni mbili: ANP, hasa kutoka vyumba vya juu, na BNP, hasa kutoka vyumba vya chini. Homoni hizi huzifanya figo zitoe chumvi na maji kwenye mkojo, na mishipa ya damu itanuke. Lakini hazidumu, maana kimeng'enya kiitwacho neprilisini huzivunja. Sacubitril iliyomo kwenye Entresto hukizuia kimeng'enya hicho. Na kwa kuwa neprilisini huvunja pia angiotensini II, inayobana mishipa, kidonge hichohicho kina valsartan ya kuidhibiti.

Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umepungukiwa nguvu ya kusukuma damu, tunaipa alama za juu kabisa. Katika utafiti wa PARADIGM-HF wa 2014, wenye wagonjwa 8,442, hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa au kulazwa kwa moyo kushindwa ilipungua kwa asilimia 20 ikilinganishwa na enalapril, ambayo nayo ni dawa nzuri.

Hatari iko kwenye kubadilisha dawa. Aliyekuwa akimeza enalapril, captopril au lisinopril aache kwanza, zipite saa 36, ndipo aanze. Zikikutana, bradikinini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe, hurundikana. Uso, midomo na ulimi huweza kuvimba hadi njia ya hewa izibe. Tembe za zamani zisibaki kabatini! Losartan, ya kundi moja na valsartan, nayo huachwa, ila haina haja ya kusubiri hivyo.

Kawaida huanzwa na 49/51 mg (sacubitril/valsartan) mara mbili kwa siku, au 24/26 kwa mwenye presha ya chini au figo dhaifu, kisha dozi huongezwa maradufu kila wiki 2 hadi 4 mpaka 97/103. Isianzwe namba ya juu ya kipimo cha presha ikiwa chini ya 100, potasiamu ya damu ikizidi 5.4 mmol/L, wala wakati wa ujauzito. Kizunguzungu kikija, daktari aangalie kwanza kama furosemide, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, inaweza kupunguzwa.

Kupima hali ya moyo, maabara iombwe NT-proBNP, kipande kinachotoka pamoja na BNP lakini hakivunjwi na neprilisini. BNP ya kawaida hupotosha, kwa sababu dawa yenyewe huipandisha.

Bei ndiyo inayoipunguzia alama. Asiyeweza kuinunua kila mwezi ni afadhali aendelee na enalapril bila kukatiza.