BAISKELI YA RESI YA LAKI SITA KWA SAFARI NDEFU: usitoe hela kabla hujapitisha aleni hapa!

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo sina salamu ndefu maana hiki kitu kimekaa hapa mbele yangu tangu asubuhi na nina kiherehere nacho. Baiskeli ya resi, mtumba, fremu alumini, foku ya mbele kaboni, gia Claris, breki za diski za kuvuta na waya. Jina nimelibandika selotepu makusudi kabisa, kwa sababu nikitaja jina humu kesho yake watu wanaenda sokoni wanakuta muuzaji naye ameangalia video na bei imeruka. Bajeti ilikuwa laki sita. Habari ya bei tutaiongea.

Gia sitaki kuzielezea, mnazijua, Claris ni moja ya zile za chini kwenye gia za resi za Shimano, juu yake Sora, Tiagra, 105, hapa nyuma gia nane, inatosha kabisa na fundi yeyote anairekebisha na bisibisi. Angalia tu namba za mbele. Hii ni meno 50 na 34, na nyuma gia kubwa ina meno 32, kwa hiyo vilima vya Pugu unapanda umekaa unaongea na mwenzako. Ukikuta mbele 53 na 39 hiyo ilikuwa ya mtu wa mashindano, ana mapaja yake, wewe unataka kwenda Bagamoyo kula samaki urudi, mwachie.

Haya, dogo shusha kamera, shusha kabisa, hapa kwenye foku. Mnaona huu uwazi kati ya tairi na foku? Hii ni aleni, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 6. Naipitisha... inapita. Upande huu... inapita. Juu... inapita na inacheza. Nyuma sasa, hapa chini karibu na pedeli ndipo wengi wanasahau kuangalia, napitisha... hapo imegusa kidogo lakini imepita. Na tairi lililomo ni la milimita 32. Wadau, HIKI ndicho nilichokuwa natafuta, hata rangi ingekuwa ya pinki ningebeba.

Kwa nini nashupalia hivi. Wewe ukitoka Bunju, ukaja Mapinga, Kerege, kila penye watu kuna rasta, vile vituta vidogo vidogo vya barabarani, trrrrr trrrrr, kwenye gari unazisikia tu, kwenye baiskeli yenye tairi la 23 zinaingia kwenye viganja, zinapanda mabegani, ukifika huwezi hata kushika kikombe. Halafu lori linakupigia honi nyuma yako, utafanya nini, unashuka pembeni kwenye mchanga na kokoto, na tairi jembamba kwenye mchanga mnajua wenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka resi ya safari ndefu, swali langu la kwanza ni moja tu, inabeba tairi la ngapi? Chini ya 28 sitaki hata kuiona.

Ngoja niwaonyeshe, maana kuna watu huko chini watabisha. Nimelaza huu mpira wa maji, huu wa kumwagilia bustani. Hii nyingine ni ya jirani yangu, tairi 23, ameijaza upepo psi 110 kama jiwe. Naipitisha juu ya mpira, sikilizeni... tak! Mmesikia? Usukani umeruka. Sasa hii yangu, nina kilo 74, mbele nimeweka psi 55, nyuma 60. Napitisha... Naona dogo anacheka. Rudia. Hakuna kitu! Tairi limemeza. Hiyo tofauti zidisha na kila kishimo mpaka Bagamoyo.

Na msiniambie tairi nene linachelewesha. Mashindano ya baiskeli ya Paris-Roubaix pale Ufaransa, karibu kilomita 260 na zaidi ya 50 ni barabara za mawe, wale ni watu wanaolipwa kwenda kasi, na siku hizi wanavaa 30 na 32 na wengine wanapita hapo. Tairi likiruka ruka unapoteza nguvu kuruka badala ya kwenda mbele, ni hivyo tu.

Sasa hapa kuna mtego, sikilizeni vizuri hasa mnaonunua tairi madukani. Ukiomba tairi la 28 fundi anaweza kukupa la Phoenix, limeandikwa 28 kwa moja na nusu, unarudi nalo nyumbani halikai kwenye rimu. Halitakaa hata ulipige nyundo! Geuza tairi, tafuta namba ndogo ubavuni, yetu sisi lazima iishie na 622, yaani kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu kwa milimita, kama hili, 32-622. La Phoenix ni 635, kipenyo kimezidi milimita 13. Mitumba ya Kijapani ile yenye kikapu nayo ina vipimo vyake, unakuta 590, na resi za zamani sana za chuma unakuta 630, nzuri kweli kwa macho lakini tairi utalitafuta mpaka uzeeke. Hizi za mlima za 29 nazo ni 622 ila unene wake hauingii humu. Piga picha hiyo namba uende nayo dukani.

Na valvu. Hii nyembamba haiingii kwenye pampu ya sheli, nunua kile kiadapta cha shaba, kiwe viwili, kimoja kitapotea.

Breki za diski, mimi zamani nilikuwa nazisifia sana na bado nazipenda, mvua ikinyesha zinakamata, lakini kusema kweli kwa hela hii ukipata breki za kubana rimu na nafasi ya 28 nzuri, chukua tu, tena ni nyepesi na pedi zake zinapatikana mpaka kwa fundi wa chini ya mwembe. Za mafuta kwa mtumba sizitaki, zikivuja utazunguka mji mzima. Mnaona nimeshaanza kubadilika hapa hapa, basi tuseme diski za waya kama ukizipata, zisikuumize kichwa.

Mkao. Resi za mashindano zinakulaza umeinama mbele. Hii mbele iko juu kiasi, nikishika hapa kwenye vishikio vya breki kiwiko kinakunja kidogo, shingo haiumi, basi. Siti iliyokuja nayo nimeitoa, sina la kusema, siti ni matako ya mtu, ya kwangu haitakufaa wewe. Na ile ya jeli nene laini kama godoro inakudanganya dukani, baada ya masaa mawili unaikimbia.

Fremu ya kaboni ya mtumba hapana. Ufa wake unaweza kuwa ndani na nje rangi inang'aa. Foku hii nayo ni kaboni, ndiyo maana nimeivua nikaimulika tochi mpaka shingoni. Za shoku nazo, hizi za mlima za bei chee, naona watu wanazinunua eti za starehe, ile shoku ni uzito tu unaubeba kwenye lami, bora uivalishe tairi laini uokoe nguvu.

Ukiwa na hela ya mpya, angalia Giant Contend yenye AR mwishoni, hiyo inakula tairi mpaka 38, au Specialized Allez hizi za kuanzia 2023, mpaka 35. Lakini hapo si laki sita tena, hapo unaongelea hela ya bodaboda.

Bei basi. Aliniambia laki saba na nusu, nikamwonyesha cheni imeisha na tairi la nyuma lina ufa, tukamalizana laki tano na themanini, cheni na matairi nikanunua mwenyewe na bajeti ikapitiliza, mke wangu akiangalia hii video naomba aishie kwenye hiyo laki tano na themanini. Weka akiba ya laki moja na nusu pembeni ukinunua mtumba wowote, tena usimwonyeshe muuzaji kuwa umeipenda.

Video ya taa inakuja, najua nimeiahidi muda, dogo alikuwa na mitihani. Live ya Jumapili haipo, nitakuwa barabarani na hii. Na wewe unayeandika "bro unaiuza?" kila video, siiuzi, halafu fremu hii ni saizi 54, wewe ulisema una futi tano, utaifikia wapi? Tafuta 48.