Wodi ya upasuaji ya Ibanda: watakuudhi, lakini nenda

Mdogo wangu alipasuliwa ngiri katika hospitali moja ndogo hapa Bukavu, upande wa Ibanda, na mimi ndiye niliyelala naye. Ukienda kulinda mgonjwa pale, jitayarishe kugombezwa.

Baba mdogo alikuwa ameshanunua wembe sokoni Kadutu ili amnyoe kijana usiku, maana zamani hospitali zenyewe ndizo zilizodai hivyo. Muuguzi akauchukua, akautumbukiza kwenye boksi la sindano. Wembe unachanjachanja ngozi na vijidudu vinapata mlango; Shirika la Afya Duniani liliukataza katika mwongozo wake wa 2016. Nywele zikiwa kikwazo kweli, hupunguzwa kwa mashine. Kwetu walitaka kitu kimoja tu: aoge mwili mzima kwa sabuni.

Antibiotiki alichomwa kabla ya kisu, na baada ya kushonwa hakupewa nyingine. Baba mdogo akawaka: tumelipa dola, turudi mikono mitupu? Daktari akamweleza kwa upole kwamba dawa hiyo ya kuzuia maambukizi lazima iwe tayari mwilini ngozi inapofunguliwa. Kuiendeleza baadaye hakuongezi kinga, kunazoesha vijidudu dawa. Alipoona bili imepungua, mzee akanyamaza.

Kilichonivutia mimi ni chupa ya alkoholi ya mikono iliyoning'inia kwenye kila kitanda. Muuguzi alitoka kwa mgonjwa wa jirani, akasugua viganja, katikati ya vidole, vidole gumba, akangoja mikono ikauke yenyewe, ndipo akagusa bandeji ya mdogo wangu. Hata umeme ulipokatika usiku, mimi nikimshikia tochi ya simu, hakuruka hata hatua moja. Shangazi yetu wa Bagira alikuja na sambaza zake, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, akajitupa kitandani kama kawaida yetu. Muuguzi akamwambia: "Mama, simama tafadhali, kiti kile pale." Hakurudi tena, bado amenuna.

Sasa choo. Bomba likikauka, wodi nzima inagombania ndoo moja, na sabuni hakuna. Watu wanaojali vidole gumba kiasi kile wanashindwaje kuweka pipa lenye koki mlangoni? Nilimwambia msimamizi, akajibu "tutaona".

Kidonda kilifunga vizuri, bila usaha. Chakula hawatoi, kwa hiyo beba sufuria yako. Blanketi nalo lifue kwanza, maana chafu wanalirudisha kuanzia mlangoni.