SolidWorks kwenye laptop au Onshape kwenye brauza, timu ichague ipi?
Wakuu, zote mbili ni programu za kuchorea vipuri vya mashine kwa 3D, ila kuchorea SolidWorks kila mtu na laptop yake na kuchorea Onshape wote kwenye brauza ni vitu viwili tofauti kabisa. SolidWorks ina nguvu, intaneti ikikata unaendelea na kazi, na kwa asembli kubwa (vipuri vingi vilivyounganishwa kwenye mchoro mmoja) mi bado naiamini. Shida inaanza mkishakuwa wanne, faili linazunguka WhatsApp, mara "shafti mwisho", mara "shafti mwisho kabisa", sisi ilishatukuta, fundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar akachonga shafti kwa mchoro wa zamani, beringi ikagoma kuingia, chuma chote kikaenda skrapa, iliniuma sana aisee. Halafu mmoja kachora na toleo jipya, kwa mwenye la zamani faili halifunguki, anaomba STEP (faili la kuhamisha mchoro kati ya programu), anapata umbo tu bila hatua za uchoraji.

Onshape hamtumiani faili, mchoro ni mmoja, mnauhariri pamoja na kila badiliko linabaki kwenye historia, mkikosea mnarudi nyuma. Ila inakula bando, na kwa akaunti ya bure michoro yako inaonekana na kila mtu, kazi ya mteja usiiweke huko kabisa. Mi timu ndogo hapa Dar ningeipeleka Onshape ya kulipia, SolidWorks ibaki kwa zile asembli nzito tu.