Hela ya korosho imeingia: ununue simu yenye mfumo upi?

Msimu wa korosho ukichanganya, maduka ya simu Mtwara, Masasi na Tandahimba hujaa, na kila anayeingia anauliza kamera na GB. Mfumo, yaani programu kuu inayoendesha simu, hauulizwi, wakati ndio utakaoshinda nao kutwa. Mimi ningezipanga hivi.

Ya kwanza ni Samsung yenye One UI, yaani Android iliyopewa sura ya Samsung. Tangu itangazwe mwaka 2018, imekusudiwa mtu anayetumia mkono mmoja: vichwa vya maandishi vinakaa juu, vitufe vya kubonyeza vinashushwa chini dole gumba linapofika. Kama unamnunulia mama yako wa Newala, iweke kwenye ile hali rahisi, herufi na aikoni ziwe kubwa, halafu chagua Kiswahili kwenye lugha. Na Galaxy A16 imeahidiwa masasisho kwa miaka 6, jambo adimu kwa simu ya bei ile.

Ya pili, Tecno na Infinix. Zote ni za Transsion ya China. Mifumo yake, HiOS ya Tecno na XOS ya Infinix, ni Android ileile iliyobadilishwa nguo. Kwa bei yake, chaji na nafasi unayopata ni ya kutosha kabisa. Kero ni programu za kujazia na arifa za matangazo zinazokula bando. Siku ya kwanza tu futa usizozitaka, zinazogoma zizime, kisha zuia arifa zake.

iPhone naiweka ya tatu, na vijana wa Shangani wakasirike tu. Imetulia, haina vurugu. Ila haina kile kitufe cha chini cha kurudi nyuma. Unatelezesha kidole kutoka ukingoni kushoto, na wazee wengi hapo huchoka. Ukinunua iliyotumika, mfumo wake wa iOS 26 wa mwaka 2025 unaanzia iPhone 11; XR na XS zimeachwa. Tena iPhone 14 na zilizotoka baada yake, zile zilizouzwa Marekani, hazina kabisa sehemu ya kuchomeka laini, ni eSIM tu, laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu. Kagua ubavuni kabla hujatoa hela.

Simu za Android Go, yaani Android iliyopunguzwa uzito, zenye RAM ya GB 2, ni za kupiga, kutuma pesa na WhatsApp kidogo. Ukizidisha, inaganda.

Yoyote utakayochukua, piga *#06# palepale dukani, itatokea namba ya IMEI, utambulisho wa simu hiyo; itume kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu likitaja simu nyingine, mrudishie muuzaji.