Tathmini: Birika la josho la Nidhe Israel, Bridgetown

Wageni wengi wanaofika Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, hupelekwa Nidhe Israel ili walione sinagogi, ambalo jengo lake la sasa ni la mwaka 1833, baada ya lile la awali kubomolewa na kimbunga cha mwaka 1831. Kwa maoni yangu, kinachostahili muda mrefu zaidi ni mikve, yaani birika la josho la Wayahudi, lililofukuliwa mwaka 2008 chini ya eneo la kuegesha magari katika uwanja huohuo.

Birika hilo ni la karne ya 17, zama ambazo Wayahudi wa asili ya Ureno na Hispania walihamia kisiwani, baadhi yao wakitokea Recife, Brazil, mji ambao Wareno waliutwaa tena kutoka kwa Waholanzi mwaka 1654. Sheria yao inataka maji yasiyopungua seah 40 (seah ni kipimo cha kale cha Wayahudi cha ujazo), yaliyokusanyika yenyewe kutoka ardhini au mvuani, kwa kuwa maji yaliyotekwa kwa chombo hayafai kuanzishia birika. Msomaji wa pwani aliyezoea birika la msikitini, linaloweza kujazwa kwa ndoo kutoka kisimani, ataiona tofauti mara moja. Wajenzi hapa iliwabidi waifuate chemchemi ilipo na kushusha ngazi hadi penye maji, ili mwanamke aliyemaliza siku zake za hedhi, au mtu anayeingia katika dini, aweze kuzama mwili mzima.

Hapo ndipo ninapoupima ukarabati wowote wa mikve ya kale. Fundi akiziba sakafu kwa saruji ili pawe pakavu na nadhifu, huwa ameikata chemchemi, na kinachobaki ni shimo lenye ngazi. Bridgetown wameepuka hilo: mawe yanaonekana, na mgeni anaelewa bila kuelezwa sana kwa nini birika lilichimbwa mahali pale na si kwingine. Jamii inayolitunza ni ndogo mno, na ndiyo iliyolipigania sinagogi lenyewe katika miaka ya 1980, wakati serikali ilipokusudia kulivunja ili kujenga mahakama.

Nina shaka moja tu. Birika limepangwa zaidi kwa ajili ya mtazamaji kuliko mwenye haja ya kujitoharisha, jambo linaloeleweka kwa jamii yenye watu wachache, ingawa kwangu linapunguza uzito wa mahali penyewe.

Ninashauri uanzie kwenye jumba la makumbusho lililo jirani, kwa sababu bila historia ya wahamiaji hao ngazi zile hazisemi mengi. Usiende Jumamosi, ambayo ni Sabato, na mwanamume awe tayari kufunika kichwa anapoingia sinagogini. Aliye na saa moja tu mjini apite haraka kwenye makaburi ya Wayahudi yaliyo kando ya sinagogi, kisha muda uliobaki autumie birikani.