Ampu yangu ya 1973: valvu hazikuwa na kosa

Kama una ampu ya valvu ya zamani, yaani kikuza sauti cha gitaa kinachotumia taa za kioo badala ya transista, na sauti imeharibika, usikimbilie kununua valvu. Mimi nilifanya hivyo, ikanitoka zaidi ya laki tatu na tatizo likabaki palepale.

Ampu yenyewe ni ya Kimarekani, wati 22, spika moja ya inchi 12, na valvu mbili za 6V6 za kusukuma spika. Naitumia kwa gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Namba iliyogongwa kwenye transfoma inaishia na 333, yaani mwaka 1973, wiki ya 33.

Ugonjwa ulianza kwa muungurumo. Baadaye uzi mnene ukapoteza nguvu: ukiupiga kwa nguvu sauti inazama, halafu inarudi. Kilichonitesa zaidi kilikuwa juu ya shingo, kuanzia freti ya 12. Napiga sebene, na chini ya kila noti nasikia noti nyingine, nzito, isiyolingana na chochote. Nilibadilisha nyuzi, nikarekebisha daraja la gitaa, nikamsumbua hata mwenzangu wa rithimu atyuni upya. Fundi wa kwanza akasema valvu zimechoka, bila hata kufungua boksi. Nikaagiza seti nzima. Zile 6V6 za JJ, zinazotengenezwa Slovakia, ni nzuri kweli, ila noti ile ya chini ilibaki.

Fundi wa pili ni mzee wa Kariakoo aliyejifunza kazi kwenye redio za valvu. Nilipomwamkia tu akaniambia, "Marahaba mwanangu, washa nisikie." Akachomoa gitaa, akashusha volyumu zote hadi sifuri. Muungurumo upo. Akachomoa valvu ya kwanza, kisha ile ndogo ya mwisho kabla ya 6V6. Bado upo. "Basi hautoki kwenye gitaa wala kwenye hizi. Unatoka kwenye umeme unaoilisha ampu."

Alivyonieleza ndivyo nilivyoelewa hatimaye. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Ukishageuzwa kuwa wa njia moja, unabaki na mawimbi 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita za chujio ni kuyalainisha. Kapasita hizo zina maji ya kemikali ndani, na miaka inavyopita yanakauka. Mawimbi yakipenya, yanachanganyika na noti unayopiga na kuzaa noti ya pili. Gitaa langu halikuwa na shida yoyote!

Chini ya kifuniko cha bati kulikuwa na kapasita tano, zote za kiwandani tangu 1973, moja imeanza kuvuja ute. Akaweka mpya za mikrofaradi 22, volti 500. Kulikuwa na mkwaruzo pia, uliosikika hata nisipopiga; huo ulitokana na rezista (kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme) moja ya kilo-omu 100 kwenye valvu ya kwanza. Nayo akaibadilisha.

Tafadhali usifungue ampu ya namna hii mwenyewe. Ndani mna zaidi ya volti 400, na unaweza kuzikuta humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mzee alitoa umeme wa kila kapasita kupitia rezista, akapima kwa mita mpaka sifuri, ndipo akatia mkono. Fundi asiyefanya hivyo mnyang'anye ampu yako.

Kasoro ni muda: wiki tatu, kwa sababu kapasita za aina hiyo hatukuzipata madukani na ndugu yangu alizibeba kutoka Ujerumani. Vipuri na ufundi jumla ni laki na themanini. Vipuri vya zamani alinirudishia vyote kwenye mfuko.

Na zile 6V6 nilizokuwa nimezitoa alizipima, akazikuta nzima. Nimezirudisha. Za JJ ziko kwenye boksi, akiba.